Shule ya delta au shule ya barabarani: mzazi wa Kibiti anapochagua

Mwezi Januari unapokaribia, katika vijiji vya delta ya Rufiji huanza mazungumzo yanayorudi kila mwaka. Mtoto aanze darasa la kwanza hapa kijijini, kwenye shule ndogo yenye walimu wachache, au apelekwe kwa shangazi yake Kibiti mjini, au kwa mjomba Mbagala, ambako shule ina umeme na walimu wengi? Aliyemaliza darasa la saba aende sekondari ya kata aliyopangiwa, au familia ihangaikie uhamisho? Shule zote hizo ni za Serikali, hazitozi ada na zinafundisha mtaala mmoja. Hata hivyo kila mzazi anajua kwamba hazifanani.

Makala haya yanaeleza tofauti hizo zinatoka wapi, zipi ni za kweli na zipi ni za macho tu, na taratibu zinazomwongoza mzazi anayetaka kumhamisha mtoto kutoka eneo moja kwenda jingine.

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, ina sura mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana na msafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi: Bungu, Mjawa, Kibiti mjini, maduka, vituo vya mabasi na mashamba ya korosho. Ya pili iko upande wa mashariki, ambako Mto Rufiji hugawanyika katika mikondo mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Huko ndiko ziliko kata za Salale, Msala, Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi, katikati ya msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka Bungu barabara huachana na lami na kwenda hadi Nyamisati, penye gati la vyombo vya Mafia. Baada ya hapo, njia kwa sehemu kubwa ya delta ni maji.

Kwa hiyo mkazi wa Kibiti akisema shule ya eneo lenye uwezo na shule ya eneo lisilo na uwezo, mara nyingi hafananishi halmashauri mbili. Anafananisha lami na mkondo.

Fedha ya shule inakotoka

Katika baadhi ya nchi swali hili huamuliwa na thamani ya nyumba. Nchini Marekani sehemu kubwa ya bajeti ya shule za umma hutokana na kodi ya majengo inayokusanywa mahali shule ilipo, hivyo eneo lenye nyumba za bei kubwa huwa na shule zenye fedha nyingi, na mzazi mwenye uwezo huchagua shule kwa kununua nyumba. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka San Antonio, Texas, iliamua kwamba Katiba ya shirikisho haikatazi utaratibu huo.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Mshahara wa mwalimu wa Kiongoroni na wa mwalimu wa Kinondoni hutoka katika hazina moja kwa ngazi moja ya utumishi. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania kwa nchi nzima. Tangu Januari 2016, ulipoanza utekelezaji wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ada imefutwa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na Serikali hupeleka fedha za uendeshaji kwa kichwa cha mwanafunzi: Sh 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Katika Sh 10,000 za shule ya msingi, Sh 6,000 huingia katika akaunti ya shule na Sh 4,000 hutumika kununulia vitabu kwa pamoja. Kwa sekondari, nusu huenda shuleni na nusu hubaki kwa ajili ya vitabu. Serikali pia hulipa sekondari fidia ya ada iliyofutwa, ambayo ilikuwa Sh 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 70,000 kwa wa bweni. Ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa katika mwaka wa fedha 2022/23.

Kiwango kimoja kwa wote ni haki ambayo watoto wa Pwani hawakuwa nayo zamani. Kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule za misheni na za mashirika chini ya Serikali, mahali palipokuwa na misheni nyingi na mazao ya biashara palikuwa na shule nyingi, na vijiji vya bonde la Rufiji havikuwa miongoni mwa mahali hapo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Novemba 1974 kikao cha TANU mjini Musoma kiliazimia kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Katika miaka hiyohiyo Serikali iliweka mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa na wilaya, ili maeneo yaliyotangulia yasichukue nafasi zote. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilirudisha karo, nayo ikafutwa tena mwaka 2001 wakati wa maandalizi ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM.

Lakini kiwango sawa hakizai shule sawa, na hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno mengi. Shule ya msingi ya mjini yenye wanafunzi 1,200 hupokea, kwa Sh 6,000 kila mmoja, Sh 7,200,000 kwa mwaka, sawa na Sh 600,000 kwa mwezi. Shule ya kijiji cha delta yenye wanafunzi 120 hupokea Sh 720,000 kwa mwaka, yaani Sh 60,000 kwa mwezi. Mitihani ya majaribio lazima ichapwe katika shule zote mbili. Daftari la mahudhurio, chaki, matengenezo ya paa na safari ya mwalimu mkuu kwenda makao makuu ya halmashauri ni mahitaji ya shule zote mbili, ila safari ya mwalimu wa delta huanza kwa boti, na mfuko wa saruji unaofika kijijini kwake umekwisha kulipiwa lori, upakuzi, chombo cha majini na upakuzi mwingine. Shule ndogo haipunjwi na mtu. Kanuni ya kichwa kwa kichwa ndiyo isiyoona maji.

Hesabu ya walimu ina mtego huohuo. Kigezo cha Serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa kigezo hicho shule ya wanafunzi 120 inahitaji walimu watatu tu, na ikiwa nao inaandikwa kuwa imekamilika. Lakini shule hiyo ina darasa la awali na madarasa ya kwanza hadi la saba. Walimu watatu kwa madarasa manane maana yake ni kwamba saa yoyote ile madarasa matano hayana mwalimu, au mwalimu mmoja amesimama kati ya madarasa mawili, huku akifundisha kusoma na kule akisahihisha hesabu. Ndiyo maana mzazi anayesikia kwamba uwiano wa shule ya kijijini kwake ni mzuri kuliko wa Mbagala anapaswa kuuliza swali la pili: walimu wangapi, kwa madarasa mangapi?

Halmashauri inapoingia

Tofauti ya utajiri wa maeneo huonekana zaidi katika majengo. Halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya miradi ya maendeleo, na madarasa, madawati, matundu ya vyoo na nyumba za walimu ni miongoni mwa miradi hiyo. Mkuranga, jirani wa Kibiti upande wa kaskazini, ina viwanda vilivyojipanga kando ya barabara kuu. Temeke, iliyo mbele ya Mkuranga, ina viwanda, bandari na biashara ya jiji. Kibiti hutegemea zaidi korosho, ufuta, mazao ya misitu na uvuvi, na mapato ya aina hiyo hupanda na kushuka kwa msimu na kwa bei. Halmashauri mbili zikikusudia kujenga idadi ileile ya madarasa, moja itamaliza mapema na nyingine itasubiri fedha kutoka Serikali Kuu.

Serikali Kuu imekuwa ikiziba pengo hilo kwa miradi ya kitaifa. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa masharti nafuu wa Sh trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, yakiwemo 12,000 ya sekondari na 3,000 katika vituo shikizi. Mradi wa SEQUIP umeelekezwa kwenye sekondari za kata na shule za wasichana za mikoa. Ile ya Mkoa wa Pwani, inayoitwa kwa jina la Bibi Titi Mohamed, imejengwa katika Wilaya ya Rufiji. Mradi wa BOOST nao umeelekezwa kwenye shule za awali na msingi. Mamlaka ya Elimu Tanzania, kupitia Mfuko wa Elimu, hufadhili nyumba za walimu katika maeneo magumu kufikika.

Shule shikizi zinastahili kutajwa peke yake kwa sababu delta inazihitaji kuliko tarafa nyingi. Ni vituo vya madarasa ya chini vinavyojengwa karibu na makazi na kuwa chini ya shule mama, ili mtoto mdogo asivuke mkondo kila asubuhi. Akikua na kujiweza, huendelea shule mama. Kwa mzazi wa kitongoji kilicho ng'ambo ya mkondo, swali la kwanza kabla ya kufikiria mjini ni kama kituo cha namna hiyo kipo au kinaweza kuombwa kupitia serikali ya kijiji na kamati ya shule.

Maji ndiyo ratiba

Mtu asiyeijua delta hupima umbali kwa kilomita. Wenyeji huupima kwa maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, njia iliyopitika kwa mtumbwi alfajiri huwa tope saa za kurudi. Siku za maji mafu hali hubadilika tena. Mtoto anayevuka kwenda shule hulazimika kuondoka maji yanaporuhusu, si kengele inapolia, na akifika amechelewa vipindi viwili kosa si lake.

Kalenda ya kilimo na uvuvi ina uzito wake. Familia zinazolima mpunga huhamia mashambani wakati wa kulinda ndege na nguruwe, zikikaa katika madungu, na zinazovua huenda dago kwa majuma kadhaa. Zamani familia nzima ilihama, na kiti cha mtoto darasani kilibaki wazi mpaka mavuno. Familia nyingine leo humwacha mtoto kwa bibi yake ili asikose masomo. Hapa chaguo halina uhusiano na utajiri wa shule: bibi mwenye afya anayeishi jirani na shule ya kijiji anaweza kumfaa mtoto wa darasa la pili kuliko maabara ya kompyuta iliyo mbali na nyumbani.

Mvua nazo hukumbusha. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaathiri maelfu ya wakazi wa Rufiji na Kibiti, yakiingia katika nyumba, mashamba na taasisi za umma, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafuata na kukata barabara ya kusini. Mtoto anayesoma mbali na nyumbani katika miezi kama hiyo hana wa kumfuata, na yule anayesoma nyumbani huenda hana shule ya kuingia. Hakuna upande usio na gharama.

Mjini nako

Shule ya mjini huonekana vizuri kwa mbali. Ina walimu wa masomo yote, umeme, maji ya bomba, na mtoto huona vitabu, magazeti na watu wa kazi mbalimbali. Sekondari ya Kibiti ina bweni na masomo ya kidato cha tano na sita. Kibaha, makao makuu ya mkoa, kuna sekondari ya vipaji maalumu iliyo chini ya Shirika la Elimu Kibaha, matunda ya mradi wa nchi za Nordic uliokabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Hayo yote yamo ndani ya mkoa uleule mmoja na delta.

Lakini mzazi anayefikiria Mbagala afikirie pia idadi. Shule za msingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwa na wanafunzi maelfu, wengine wakisoma kwa zamu, asubuhi kundi moja na mchana jingine. Kigezo ni wanafunzi 45 kwa chumba katika shule ya msingi na 40 katika sekondari, na katika maeneo yanayopokea wahamiaji kila mwaka kigezo hicho huvukwa mapema kuliko chumba kipya kinavyokamilika. Mtoto aliyetoka darasa la wanafunzi 17 kijijini, ambako mwalimu anamjua kwa jina na kumjua baba yake, anaweza kuingia darasa ambalo mwalimu hana nafasi ya kusahihisha madaftari yote kwa siku. Akiwa mpole, atapotea katikati ya wenzake bila mtu kugundua kwamba bado hajui kusoma vizuri.

Gharama za mjini pia hazimo katika neno ada. Chakula cha mchana shuleni huchangiwa na wazazi kwa makubaliano, kwa kufuata mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni. Kuna nauli, sare mpya, na mahali pa kulala. Mwenyeji anayempokea mtoto humpokea kwa wema, lakini wema wa nyumba yenye vyumba viwili una mpaka, na mtoto wa ndugu mara nyingi ndiye anayetumwa dukani wakati wenzake wanafanya kazi za shule. Wazazi wa delta huuliza pia juu ya chuo cha Kurani, kwa kuwa kijijini mtoto hutoka shule na kwenda madrasa bila kuvuka barabara. Ni swali la haki, na lafaa kuulizwa mapema, kwa kuwa shule ya zamu ya mchana hugongana na saa za madrasa.

Kuhusu michango ya aina yoyote, Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 umeeleza majukumu ya Serikali, kamati za shule, wazazi na wadau wengine. Michango ni ya hiari, na hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kurudishwa nyumbani au kuzuiwa mtihani kwa sababu mzazi hakuchangia. Kanuni hiyo ni moja kwa shule ya Maparoni na ya Masaki.

Msichana aliyepanga chumba

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ndio ulioeneza shule za kata, na kwa sababu hiyo mtoto wa delta hahitaji tena kushindania nafasi chache za bweni za nchi nzima ili afike kidato cha kwanza. Ila kata ya delta si kama kata ya bara. Vijiji vyake vimetenganishwa na mikondo, na shule ikiwa katika kijiji kimoja, wanafunzi wa vijiji vingine hawawezi kwenda na kurudi kila siku.

Pasipokuwa na bweni, wazazi hupanga chumba karibu na shule, na watoto wa miaka 14 au 15 huishi peke yao, wakijipikia na kujilinda. Kwa mvulana hilo ni gumu. Kwa msichana ni hatari. Anayemlipia mafuta ya taa, chakula au nauli ya boti anaweza kuwa mtu mzima asiye na nia njema. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa ujauzito au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurejea shuleni katika mfumo rasmi. Sheria hufika baada ya tukio. Kinachotangulia ni mahali pa kulala.

Kwa hiyo, mzazi wa msichana anapopima sekondari mbili, bweni au hosteli inayosimamiwa na mlezi mtu mzima inapaswa kuwa juu ya maabara, juu ya umeme, na hata juu ya matokeo ya mtihani. Shule yenye matokeo mazuri isiyo na mahali salama pa kulala, kwa mtoto wa kutoka mbali, si shule bora kwake. Wazazi kadhaa wakikubaliana kuweka watoto wao nyumba moja chini ya mama mmoja wanayemwamini, kwa kujulisha serikali ya mtaa na uongozi wa shule, hali huwa afadhali kuliko kila mmoja kupanga kivyake.

Taratibu za kuchagua na kuhama

Uhuru wa mzazi kuchagua si uleule katika kila ngazi, na wengi huchelewa kulijua hilo.

Kwa darasa la kwanza, mtoto huandikishwa katika shule iliyo karibu na anakoishi, na mzazi au mlezi ndiye anayempeleka. Familia iliyokusudia mtoto akaishi kwa ndugu mjini inashauriwa kufanya hivyo mwanzoni mwa darasa la awali au la kwanza, si katikati, kwa kuwa mtoto anayehama baada ya kuanza kusoma na kuandika hupoteza muhula mzima akizoea mahali.

Kwa mwanafunzi aliye tayari shuleni, uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka. Mzazi hutafuta kwanza nafasi katika shule anayotaka, kisha walimu wakuu wa pande zote mbili na ofisi za elimu husika huidhinisha. Kumbukumbu za mwanafunzi huhamishwa katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake. Mtoto aliyehamishwa kwa maneno tu, bila kumbukumbu zake kuhamishwa, huonekana mtoro alikotoka na hana jina alikokwenda, na tatizo hilo hugundulika siku ya usajili wa mtihani. Aliyekwisha kusajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne au mtihani wa darasa la saba hufanyia mtihani katika kituo alichosajiliwa, hivyo madarasa hayo si ya kuhamahama.

Kwa kidato cha kwanza, mzazi hachagui. Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hupanga waliofaulu mtihani wa darasa la saba: wachache katika shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Kibaha, wengine katika shule za ufundi na za bweni za kawaida, na walio wengi katika sekondari za kutwa za maeneo yao. Hii ina maana ambayo familia nyingi huisahau: anakofanyia mtoto mtihani wa darasa la saba ndiko anakopangiwa sekondari ya kutwa. Aliyehamishiwa Mbagala darasa la tano, kama hakupata bweni, atapangiwa sekondari ya kutwa ya huko, na familia ijiandae kwa miaka minne mingine ya makazi ya mjini.

Chaguo hurudi mikononi mwa mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne. Kupitia mfumo wa Selform hutaja tahasusi, shule na vyuo anavyovitaka, na baada ya matokeo hupewa muda wa kubadilisha. Mwanafunzi wa delta aliyefanya vizuri hushindana hapo kwa alama zake na wa Kibaha, na shule nyingi za kidato cha tano ni za bweni, kwa hiyo tatizo la makazi huisha.

Kupima shule kwa macho

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora na kumi za mwisho, lakini matokeo ya kila shule yanapatikana katika tovuti yake. Mzazi asiyetumia intaneti anaweza kuyaomba kwa mwalimu mkuu au kwa Afisa Elimu Kata. Mwaka mmoja hautoshi. Shule ya delta yenye watahiniwa 14 inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya watoto wawili, na shule ya mjini yenye watahiniwa 300 inaweza kuonyesha wastani mzuri huku makumi wakiwa wamefeli ndani yake. Yasomwe matokeo ya miaka mitatu au minne, na yaangaliwe ya darasa la nne na ya kidato cha pili pia, kwa sababu hayo huonyesha msingi kabla ya mbio za mtihani wa mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika tovuti yoyote: walimu wamekaa muda gani. Mwalimu anayepangiwa delta hufika na mzigo wake kwa boti, hutafuta nyumba pasipo na nyumba za kupanga, na akiugua au akiitwa ofisini husubiri maji. Wengi huomba uhamisho, nao ni haki yao kama watumishi. Shule ambayo mwalimu wa Hisabati amekaa miaka sita ni shule tajiri, hata kama paa lake linavuja. Pale ambapo kijiji kimejenga nyumba ya mwalimu, au kimempa eneo la kulima na jirani wa kumjulia hali, dalili zake huonekana katika mahudhurio ya walimu kabla hazijaonekana katika matokeo. Kamati ya shule, ambayo wazazi wana wajumbe ndani yake, inayajua hayo na inaweza kuulizwa.

Kila mtoto anayeondoka huiacha shule ya kijiji ikiwa ndogo zaidi. Wakihama 20 kutoka shule ya wanafunzi 120, shule hupoteza Sh 120,000 za ruzuku kwa mwaka, na kwa kigezo cha uwiano mwalimu wa tatu huanza kuonekana wa ziada. Mara nyingi wanaohama ni watoto wa wazazi wenye uwezo wa nauli na wenye ndugu mjini, ambao ndio waliokuwa wakihudhuria vikao na kudai taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani. Mzazi hawezi kulaumiwa kwa kumtafutia mwanawe nafasi. Lakini anayebaki ana sababu ya kutaka kikao cha shule kijazwe na wote, wakiwemo wenye watoto wanaosoma Kibiti.

Muda wa maandalizi hauko mbali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kutokana na mabadiliko hayo, wanafunzi wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027 na kuingia sekondari pamoja Januari 2028. Kila kata itahitaji nafasi kwa makundi mawili kwa wakati mmoja. Kando ya lami, matofali yanaweza kufika jioni ileile yalipoagizwa. Kwa Msala, Mbuchi na Kiongoroni, saruji, mabati na nondo zitasubiri chombo na maji ya kutosha mkondoni, na mabweni yatakayohitajika Januari hiyo yanapaswa kuwa yameanza kujengwa misimu miwili ya kiangazi kabla yake.